WILLIAM HERSCHEL: MPIGA KINANDA ALIYEJITENGENEZEA DARUBINI

Wengi wetu tukisikia mtu alikuwa bingwa wa elimu ya nyota, hudhani alizaliwa katika ukwasi, akanunuliwa darubini angali mtoto. William Herschel hakubahatika hivyo. Alikuwa mwanamuziki, na darubini iliyomletea sifa aliitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 15 Novemba 1738 mjini Hanover, Ujerumani. Baba yake alikuwa mpiga muziki wa jeshi. Mwaka 1757, wakati wa vita, kijana huyu alihamia Uingereza bila mali yoyote. Alinakili nota, akafundisha muziki, hata mwaka 1766 akapata kazi ya kupiga kinanda kanisani katika mji wa Bath. Mwaka 1772 alimleta dada yake, Caroline, wakaishi pamoja.

Mwaka 1773 alianza kusoma vitabu vya nyota baada ya kazi. Lakini kusoma tu hakukumridhisha, alitaka kujionea. Basi akanunua lenzi na kuzitia kwenye mabomba marefu. Lo! Mabomba yenyewe yalikuwa marefu mno na yakimtaabisha. Ndipo akakodi darubini fupi inayokusanya mwanga kwa kioo kilichobonyea badala ya lenzi. Hiyo aliipenda. Kumbe kioo kikubwa zaidi hakikuwa cha mfuko wake! Mwingine angekata tamaa. Yeye alinunua zana kuukuu za kusugulia vioo kutoka kwa mtu wa papo hapo Bath, akajifunga kibwebwe.

Vioo vya siku hizo vilisubiwa kwa shaba na bati, kisha vikasuguliwa hadi ving'ae. Umbo likikosewa hata kidogo tu, nyota huonekana kama ukungu. Safari moja Herschel alisugua kwa saa 16 bila kuondoa mikono. Caroline ndiye aliyekuwa akimlisha tonge kwa tonge, na siku nyingine akimsomea hadithi za Alfu Lela Ulela ili asichoke. Mwezi Machi 1774 alianza daftari la mambo aliyoyaona angani.

Usiku wa tarehe 13 Machi 1781, akiwa bustanini nyuma ya nyumba yake, aliona kinyota kisicho cha kawaida. Kioo cha darubini yake kilikuwa na upana wa sentimita 16 hivi. Lenzi ya jichoni, yaani ile ndogo tunayochungulia, ilikuza mara 227. Akaitoa, akatia ya kukuza mara 460, kisha mara 932. Nyota za kawaida hazikui ukifanya hivyo, bali kile kilizidi kuwa kikubwa. Alidhani ni nyota yenye mkia, yaani kometi, lakini wataalamu walipopiga hesabu waligundua ni sayari mpya, Uranusi. Wengine walikuwa wameiona kabla yake wakaiandika kuwa nyota tu.

Mwaka 1782 Mfalme George wa Tatu alimpa posho ya pauni 200 kwa mwaka, akaacha kazi ya muziki. Mwaka 1789 alikamilisha darubini ya urefu wa mita 12. Ati ilikuwa kubwa ajabu, lakini ilikuwa nzito na yenye usumbufu, kwa hiyo mara nyingi alirudia ile ya nusu ya urefu huo. Caroline naye aligundua kometi mwaka 1786. Herschel alifariki tarehe 25 Agosti 1822.

Sasa, wanachama wenzangu, hayo yatufae nini hapa Kimilili? Tuko karibu na Ikweta, nyota za kaskazini na za kusini twaziona zote, na mvua ikikatika mwezi Desemba anga huwa safi. Lakini mtu akitaka kununua darubini ya kwanza, asidanganywe na boksi lililoandikwa kwamba inakuza mara 500. Aulize kwanza upana wa lenzi au kioo cha mbele, kwani huo ndio unaokusanya mwanga. Kwa kawaida kila milimita moja ya upana huvumilia kukuza mara 2 tu, hivyo ya milimita 60 mwisho wake ni mara 120. Kisha atikise miguu yake. Ikiyumba, aiache.

Lenzi za jichoni mbili zatosha. Darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 700 ikitiwa lenzi ya milimita 25 hukuza mara 28, na ya milimita 10 hukuza mara 70. Aanze na ile ya mara 28, ndipo apande, kama alivyofanya Herschel. Asiye na pesa aazime darubini ya macho mawili, atazame Kilimia na mashimo ya Mwezi. Ila jua asilielekezee kamwe, litampofusha!

Shime, ndugu zangu! Mtaka cha mvunguni sharti ainame.