Sultani Abul-Mawahib na Msikiti Mkuu wa Kilwa

Mwaka huu tumeona tuwaeleze ndugu zetu wanafunzi na wazazi habari za mtu wa hapa hapa kwetu. Watoto wetu wanawajua Makhalifa wa Baghdad na wanamjua Salahuddin, jambo ambalo ni zuri. Lakini ukimwuliza kijana wa Kiranjeranje ni nani aliyeupanua Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, mara nyingi atakutazama tu. Na safari yenyewe si ya mbali: ni kushika barabara mpaka Nangurukuru, kugeukia Masoko, kisha kuvuka maji kwa mashua.

Huyo ni Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, wa ukoo wa Mahdali, masharifu wenye asili ya Yemen. Babu yake, Al-Hasan bin Talut, ndiye aliyeuanzisha utawala wa ukoo huo mnamo mwaka 1277. Mjukuu alitawala kuanzia kiasi cha mwaka 1310 mpaka 1333, na watu wakampa lakabu ya Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake.

Taarikh ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inatueleza kwamba alitoka nyumbani akiwa kijana wa miaka kumi na minne tu kwenda Hija. Njiani alikaa Aden miaka miwili akisoma kwa mashekhe. Wanafunzi wetu wa darasa la juu wana umri huo huo! Aliporudi alimkuta nduguye Daud amekalia kiti, na Daud akamwachia bila ya vita.

Wakati ule dhahabu ya Sofala ilikuwa ikipita Kilwa, na ushuru wake ndio uliomtajirisha Sultani. Alipiga sarafu za shaba na za dhahabu zenye jina lake. Moja ya shaba ilikuja kuokotwa Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari.

Mali hiyo aliitia kwenye majengo. Msikiti Mkuu ulikuwapo tangu karne ya 11, lakini ulikuwa mdogo, na watu walishauzidi. Yeye akauongeza upande wa kusini kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kwa nguzo na kuba, ukawa mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa kwanza. Pia alijenga kasri la Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea la pembe nane. Kasri hilo halikumalizika na halikukaliwa muda mrefu. Sisi tunaona ajabu kidogo kwamba nyumba ya mfalme iliachwa mapema, na nyumba ya Mungu ikaendelea kuswaliwa.

Mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri mashuhuri Ibn Battuta, mtu wa Tangier huko Morocco. Alikuta watu wa madhehebu ya Shafii, kama tulivyo sisi leo, na Sultani mnyenyekevu anayekaa na mafakiri na kula nao. Katika ngawira za vita alikuwa akiitenga khumsi, ile sehemu ya tano iliyotajwa katika Suratul-Anfal, akaiweka kando, na masharifu walipokuja kutoka Hijazi na Iraki aliwapa haki yao humo.

Ibn Battuta alishuhudia kisa hiki. Siku ya Ijumaa Sultani alipotoka msikitini, fakiri mmoja wa Yemen alimzuia njiani, akamwomba nguo alizozivaa. Sultani hakukasirika. Alirudi akaingia nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine, akamwita fakiri azichukue. Watu wakamsifu sana. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, na Sultani aliposikia sifa za watu akaamrisha fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapa tusimame kidogo. Wazee wengi husimulia kisa hiki wakaishia kwenye nguo. Lakini wale watumwa ishirini nao walikuwa watu, wana wa mama zao, waliotekwa katika vita vya bara, na bara yenyewe ndiyo hii tunayoishi sisi. Ukarimu wa Sultani tunaukubali, na la watumwa nalo hatulifichi, maana mwenye kusoma taarikh hasomi nusu.

Alipofariki akatawala Daud. Huyo alikuwa kinyume chake. Akija mwombaji, humjibu kwamba mtoaji ameshakufa na hakuacha cha kutolewa. Wageni walikaa miezi wakingoja, wakaambulia kidogo, mwisho wakaacha kuja.

Na ule msikiti? Taarikh inasema uliporomoka, watu wakawa wanaswali chini ya mahema kwa miaka mingi, mpaka karne ya 15, wakati wa Sultani Sulaiman bin Muhammad. Hapo akatokea Haji Rush bin Husain, akaomba ruhusa aujenge kwa mali yake mwenyewe. Sultani akakubali kwa sharti kwamba naye achangie mithqali elfu moja za dhahabu. Haji Rush akazipokea, kwani aliogopa akizikataa atanyimwa ruhusa, akaziweka pembeni bila ya kuzigusa. Akausimamisha msikiti kwa fedha zake, na Sultani alipokufa akawarudishia warithi dhahabu yao yote.