John Simpson Kirkpatrick, Mchukuzi wa Majeruhi

Tukiwakumbuka waliokufa katika kazi ya kuwahudumia wagonjwa, hatuwezi kumpita John Simpson Kirkpatrick. Alizaliwa mwaka 1892 katika mji wa South Shields, Uingereza. Tangu utotoni alizoea punda, maana aliwaongoza pwani wakipandwa na watoto.

Alipokuwa kijana akawa baharia. Mwaka 1910 aliitoroka merikebu yake huko Australia, akafanya kazi ya kuchimba makaa na kuchochea moto melini. Wala hakuacha kumpelekea mama yake sehemu ya ujira wake. Vita vilipotokea mwaka 1914 akajiandikisha, akawekwa katika kikosi cha kuchukua majeruhi.

Tarehe 25 Aprili 1915 walishuka Gallipoli, katika nchi ya Waturuki. Machela moja yataka watu wawili au zaidi, na majeruhi walikuwa wengi mno. Basi Simpson akamtwaa punda, akawapandisha walioumia miguu, akawashusha bondeni mpaka pwani, risasi zikipita juu yao. Akafanya hivyo siku kwa siku, muda usiotimia mwezi.

Tarehe 19 Mei alipigwa risasi ya bombomu, akafa, umri wake miaka 22. Akazikwa jioni ile karibu na pwani.

Hakuwa jemadari wala daktari. Aliyeiacha merikebu hakuwaacha wenzake waliolala chini na damu. Akawasaidia kwa kazi aliyoijua tangu utotoni. Kwa hiyo twamkumbuka.