Churchill, Baiskeli na Wapagazi

Mtu wa Pwani anayekwenda bara, akishatoka Nairobi kwa barabara ya Thika, hupita Ruiru penye mashamba ya kahawa, kisha Juja, halafu hufika Thika, mahali ambapo mito miwili, Chania na Thika, inakutana. Barabara yenyewe ni pana sana tangu ilipojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2012, na magari hupita kama mishale. Hata hivyo, ukitazama kando utamwona mtu na baiskeli yake, gunia au kreti nyuma, akikanyaga pedali taratibu. Ukiiacha lami ukaingia katika vijia vya mashambani utawaona wengine zaidi, na huko hakuna honi wala moshi.

Mwaka 1907 alipita pande hizo Mwingereza mmoja wa miaka 32, mwenye cheo kikubwa na ulimi mwepesi. Jina lake ni Winston Churchill. Dunia inamkumbuka kwa Vita Vikuu vya Pili. Ni wachache wanaokumbuka kwamba aliwahi kusafiri kwa baiskeli katika vijia vya Afrika Mashariki, akaisifu kuliko vyombo vingine vyote vya safari. Ndani ya sifa hizo limefichika jambo ambalo linatuhusu sisi kuliko linavyomhusu yeye.

Churchill alizaliwa tarehe 30 Novemba, 1874, katika jumba la Blenheim, Uingereza. Baba yake, Lord Randolph, alikuwa mwanasiasa mashuhuri, na mama yake, Jennie Jerome, alikuwa Mmarekani. Shuleni Harrow hakusifiwa sana kwa masomo, na mtihani wa kuingia chuo cha kijeshi cha Sandhurst aliufaulu mara ya tatu. Mwaka 1895 akawa afisa katika jeshi la farasi, na tangu hapo hakutulia. Alikwenda Cuba, akaenda India, na mwaka 1898 alikuwako Omdurman, Sudan, siku ile wafuasi wa Mahdi zaidi ya 10,000 walipouawa kwa mizinga na bunduki za kisasa. Aliandika kitabu juu ya vita hivyo, na ndani yake akamlaumu jemadari wake, Kitchener, kwa kulivunja kaburi la Mahdi. Mwaka 1899 alitekwa na Makaburu huko Afrika Kusini, akatoroka gerezani. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuingia Bungeni.

Mwishoni mwa mwaka 1905 aliwekwa kuwa Waziri Mdogo wa Makoloni, na ndiyo sababu mwishoni mwa Oktoba 1907 manowari ya Kiingereza iitwayo Venus ilimteremsha Mombasa. Siku hizo mtu mkubwa akifika Mombasa hakusumbua miguu yake. Aliketi katika kigari kilichowekwa juu ya reli nyembamba, akasukumwa na watu kutoka Kilindini mpaka mjini. Kutoka hapo Churchill alipanda gari-moshi la kwenda bara, akakaa juu ya benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini ili ayaone mabonde na wanyama.

Kutoka Nairobi alielekea kaskazini akafika Thika, kisha Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, na akaendelea hadi Embu. Wakati huo Thika haikuwa na viwanda wala reli. Reli ilifika mwaka 1913. Lakini Wazungu walikuwa wamekwisha kuanza kugawiwa ardhi. Mmoja wao alikuwa McMillan, tajiri wa Kimarekani aliyemiliki shamba kubwa la Juja, kati ya Ruiru na Thika. Churchill aliipenda sana nchi hiyo kwa rutuba yake, hewa yake na maji yake. Aliona pia kwamba swali la nani ataimiliki lingekuja kuleta taabu, na katika hilo hakukosea.

Baadaye alivuka ziwa akaingia Uganda. Kampala alipokewa na Kabaka Daudi Chwa, ambaye alikuwa mtoto wa miaka 11. Kutoka Jinja alishika njia ya kaskazini kuelekea Ziwa Kyoga, Masindi, Hoima na maporomoko makubwa ya mto Nile. Huko hapakuwa na reli wala barabara ya gari. Palikuwa na vijia tu vilivyopita porini, vingine upana wake futi mbili, majani yakiinama juu ya kichwa cha msafiri.

Katika vijia hivyo ndipo Churchill alipoipenda baiskeli. Aligundua kwamba wakati wa kiangazi vijia vya Uganda ni laini na vigumu kama sakafu, na kwamba mtu wa baiskeli aliweza kwenda kiasi cha maili saba kwa saa, ingawa alilazimika kushuka penye mawe, vijito na vilima. Alikadiria kwamba kwa siku mtu angeweza kwenda maili 25 mpaka 30, yaani kilomita 40 na zaidi. Maafisa wengi wa Kiingereza aliokutana nao walikuwa na baiskeli tayari, na hata machifu wa Kiafrika walikuwa wameanza kuzinunua. Akapendekeza zijengwe nyumba za mawe za kupumzikia kila baada ya maili 30, zisizoingiliwa na wadudu. Pendekezo hilo halikuwa la anasa, kwa maana ugonjwa wa malale ulikuwa umeua watu zaidi ya laki mbili kandokando ya ziwa katika miaka hiyo.

Fikira hiyo, msomaji, ilikuwa mbele ya wakati wake. Leo nchini Ufaransa ziko njia nyingi zilizotengwa kwa baiskeli, ambazo gari haliruhusiwi kuzipita, nyingine zikiwa zimefanywa juu ya reli zilizokufa au kando ya mifereji ya zamani. Iko njia ya baiskeli inayofuata mto Loire kwa takriban kilomita 900, na msafiri hulala vijijini akiamka kuendelea. Churchill aliona mfano wa jambo hilo katika pori la Uganda mwaka 1907.

Lakini kulikuwa na sharti moja, na mwenyewe alilitaja. Safari zingefupika hivyo endapo tu wapagazi wangeweza kwenda sawa na baiskeli. Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Mheshimiwa alipanda baiskeli mikono mitupu, na nyuma yake ulikuja msururu mrefu wa watu, kila mmoja na mzigo kichwani wa ratili 60 hivi: mahema, vitanda, masanduku, vyakula na vyombo vya chai. Mpagazi alikwenda mwendo wa mguu. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na aliye juu ya baiskeli ni rahisi kuuona hivyo.

Tena, vijia vile vilifanywa laini na nani? Havikuchongwa na serikali. Vilikanyagwa na miguu mitupu ya watu waliokwenda sokoni, kisimani, harusini na mazikoni kwa miaka isiyohesabika. Watu wa Pwani wanaijua habari hiyo vizuri, kwa kuwa babu zao wengi walibeba pembe na nguo katika misafara ya bara, na majina yao hayakuandikwa popote. Churchill aliusifu ulaini wa njia, lakini nyumba za kupumzikia alizozitaka zilikuwa kwa ajili ya maafisa wa Kizungu, ili mkono wao ufike mbali zaidi. Waliozitengeneza njia hawakufikiriwa.

Alifika Khartoum Desemba 1907, ambako mtumishi wake wa miaka mingi, George Scrivings, aliugua ghafla akafa. Mwaka 1908 kilitoka kitabu chake cha safari hiyo, na mwaka huohuo akamwoa Clementine Hozier.

Aliirudia habari ya Kenya akiwa na nguvu zaidi. Kuanzia Februari 1921 hadi Oktoba 1922 alikuwa Waziri wa Makoloni. Januari 1922, katika karamu huko London, alithibitisha kwamba nyanda za juu zitakuwa za Wazungu. Mwezi wa Machi mwaka huo Harry Thuku, aliyepinga kipande na mishahara duni, alikamatwa, na watu waliokusanyika Nairobi kumdai wakapigwa risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Thuku alipelekwa kuzuiliwa Kismayu. Huko Ruiru na Thika mwenye nchi akawa kibarua wa kahawa na mkonge, naye akihitaji ruhusa kupita mahali ambapo babu yake alipita bila kuuliza.

Churchill alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 1940 mpaka 1945, akaiongoza Uingereza kumshinda Hitler, na kwa hilo jina lake halitafutika. Alirudi madarakani mwaka 1951, na ni katika serikali yake hali ya hatari ilitangazwa Kenya mwaka 1952 na maelfu wakatiwa kizuizini. Mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Alikufa tarehe 24 Januari, 1965, akiwa na umri wa miaka 90. Kenya ilikuwa imekwisha kuwa huru.

Basi huyo ndiye mtu aliyeisifu baiskeli. Tukimtazama kwa haki tutasema alikuwa na jicho kali. Aliona kwamba chombo chepesi, katika njia isiyo na kelele, kinampa mtu nchi nzima. Asichokiona ni kwamba siku moja aliyebeba mzigo nyuma yake ndiye atakayeketi juu ya kiti cha baiskeli. Ndivyo ilivyokuwa. Kule mpakani Busia vijana waligeuza baiskeli kuwa kazi ya kubeba abiria, na jina lao la boda-boda limeenea Afrika Mashariki yote. Na kule Ruiru na Thika, alfajiri, magari yakiwa bado hayajajaa barabarani, kibarua hutoka na baiskeli yake akakata vijia kati ya mikahawa. Mzigo ni wake, na mwendo ni wake pia.