Joseph Mohr: Mtoto wa mama fukara aliyeandika ‘Usiku Mtakatifu’, sifa wakapewa wengine

Desemba ikifika, wimbo huu huwezi kuukwepa. Utausikia kwenye supamaketi ukipanga laini ya kulipia, utausikia kwa matatu ya kwenda ocha, na usiku wa mkesha kanisani hata wale wasiojua kuimba wataupiga kwa nguvu. Ni “Usiku Mtakatifu”, ambao kwa Kijerumani huitwa Stille Nacht.

Sasa uliza waimbaji hao ni nani aliyeutunga. Watabaki wakitazamana. Si kosa lao, kwani hata jumba la mfalme liliwahi kuuliza swali hilo hilo, na wakati huo mwenye maneno yake alikuwa tayari kaburini.

Jina lake ni Joseph Mohr. Alizaliwa Desemba 11, 1792 jijini Salzburg, katika nchi tunayoijua leo kama Austria. Mamake, Anna Schoiber, alikuwa akifuma nguo ili watoto wapate kula. Babake alikuwa mwanajeshi, akatoroka jeshi na kutoroka mama pia kabla mtoto hajazaliwa. Wakati huo, mtoto wa nje ya ndoa alibeba aibu ambayo hakuitafuta. Hata wa kumsimamia kwa ubatizo alipatikana mtu ambaye jamii ilimkwepa: mnyongaji wa jiji.

Kilichomwokoa kijana huyu ni sauti. Padri mmoja wa kanisa kuu, Johann Nepomuk Hiernle, aliona kipaji chake, akamshika mkono na kumsomesha. Mohr akaimba kwenye kwaya, akajifunza fidla na gita. Alipotaka kuwa padri, kuzaliwa kwake kukamfuata tena: ilibidi apewe kibali maalumu cha Kanisa kwa sababu wazazi wake hawakuwa wameoana. Kibali kikatoka, na mwaka 1815 akapata upadri.

Alitumwa Mariapfarr, kijiji cha milimani. Hapo ndipo mwaka 1816 aliandika shairi la beti sita kuhusu usiku aliozaliwa Yesu. Usidhani mambo yalikuwa shwari. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha juzi tu, na Salzburg ilikuwa imepitia mikono ya watawala kadhaa kwa miaka michache. Mwaka huo pia baridi ilikataa kuondoka, mimea ikaharibika na njaa ikapiga sehemu nyingi za Ulaya. Padri wa miaka 23 akakaa chini kuandika juu ya utulivu na amani. Ubeti mmoja, ambao siku hizi wengi huuruka, unazungumzia mataifa kukumbatiwa kama ndugu.

Mwaka 1817 alihamishiwa Oberndorf, mji wa mabaharia wa mtoni uliokuwa umekatwa na mpaka mpya kutoka kwa mji wa Laufen ng’ambo ya pili. Mkubwa wake hakumpenda. Alimshtaki kwamba anataniana na wasichana na kuimba nyimbo zisizomfaa padri. Lakini huko pia alipata rafiki, Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule ya Arnsdorf aliyekuwa akipiga kinanda kanisani Oberndorf.

Desemba 24, 1818, Mohr alimpa Gruber lile shairi na kumwomba alitilie sauti za watu wawili na gita. Gruber akamaliza siku hiyo hiyo. Usiku wakaimba, Mohr akishika sauti ya juu na gita mkononi, Gruber sauti ya chini, kwaya ikiwaitikia.

Labda umesikia stori kwamba panya walitafuna kinanda ndiyo maana wakatumia gita. Stori tamu, ila Gruber mwenyewe alipoandika maelezo yake hakutaja panya wala kinanda kibovu.

Baadaye fundi wa vinanda kutoka bonde la Zillertal, Karl Mauracher, alibeba nakala ya wimbo hadi kwao Tyrol. Familia za waimbaji wa huko zikauchukua. Akina Strasser, waliokuwa wakiuza glavu, waliuimba Leipzig. Akina Rainer wakaufikisha New York mwaka 1839. Kila mdomo uliopitia ulibadilisha sauti kidogo, na ndiyo maana tunaouimba leo haufanani kabisa na ule wa mwanzo. Ulipochapishwa, uliitwa wimbo wa kiasili wa Tyrol. Majina ya wenyewe hayakuwepo.

Hapo ubishi ukaanza. Wimbo mzuri hivyo ungetokaje kwa mwalimu wa kijijini na padri asiyejulikana? Wengine walisema ni wa Mozart, wengine Beethoven, wengine Haydn. Mwaka 1854 wanamuziki wa mfalme wa Prussia waliandika kutoka Berlin hadi Salzburg wakitafuta nakala, wakiamini ni kazi ya Michael Haydn. Swali likamfikia Gruber kupitia mwanawe. Akaketi na kuandika maelezo: maneno ni ya Mohr, sauti ni yangu. Hata hivyo, wengi hawakushawishika.

Mohr hakuwepo kumuunga mkono. Baada ya kuhamishwa parokia moja hadi nyingine, alifariki Wagrain Desemba 4, 1848, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 56. Mfukoni hakuwa na kitu. Pesa alizopata zilikuwa zimeenda kwa wazee na kwa shule aliyosaidia kuanzisha, ili watoto wa maskini wasome. Mwenyewe alijua ni nini kusomeshwa na mtu baki.

Hakuacha hata picha. Mwaka 1912 mchongaji aliyetaka kutengeneza sanamu yake alilazimika kufukua fuvu lake ili ajue sura yake. Fuvu hilo sasa limo ukutani mwa kanisa dogo la ukumbusho Oberndorf.

Ubishi ulikuja kuzimwa na karatasi moja. Mwaka 1995 ilipatikana nakala ya wimbo huo kwa mwandiko wa Mohr, ya takriban mwaka 1820. Juu yake alikuwa ameandika kwamba maneno ni yake, ya mwaka 1816, na upande wa pili akaweka jina la Gruber kwa sauti. Kumbe shairi lilikuwa limekaa miaka miwili likisubiri rafiki.

Kama wewe hutunga mashairi au hupiga biti na msela wako, angalia hapo. Mohr angeweza kujiandika peke yake na nani angejua? Aliandika majina mawili. Na karatasi hiyo ndiyo iliyomrudishia lake.