Gitaa kuukuu: Kabla hujatoa noti, msikilize Mwenda wa Bayeke

Kijana wa Ndau, umeweka akiba ya pesa za samaki miezi kadhaa na sasa unataka gitaa. Jipya la dukani limekushinda bei. Kuna mtu Mombasa anakuuzia la zamani, lile la mbao lisilotumia umeme. Anakwambia ni orijino, eti ya aina hiyo hayatengenezwi tena. Kabla hujampa hata shilingi, hebu nikusimulie maisha ya Jean-Bosco Mwenda. Yatakusaidia kujua unalipia nini hasa.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, katika Katanga, kusini mwa Kongo iliyokuwa koloni la Ubelgiji. Bunkeya ndiko Mfalme Msiri alikojenga makao ya Wayeke katika karne ya 19, ndiyo maana jamaa akajulikana pia kama Mwenda wa Bayeke. Jina lake lilianza kuvuma kutoka Jadotville, mji wa migodi ambao leo unaitwa Likasi.

Mwaka 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine za kunasa sauti, alimkuta Jadotville na gitaa lake akamrekodi. Wimbo mmoja, Masanga, ndio uliomtoa. Utafute mtandaoni. Utaapa kwamba ni magitaa mawili, kumbe ni moja, na mkono wa kulia unatumia vidole viwili tu. Gumba linashika besi, kidole cha shahada kinacheza nyuzi nyembamba.

Hilo ndilo somo la kwanza. Gitaa zuri lina sauti mbili zisizogombana. Mbele ya muuzaji, piga uzi mnene kwa gumba uuache ulie, kisha piga mwembamba juu yake. Besi ikimeza ule mwembamba, au sauti ikizima mara tu unapouachia uzi, jiulize mara mbili. Lakini usilihukumu gitaa kwa nyuzi zilizokula kutu. Nenda na seti mpya, omba zifungwe, ndipo usikilize.

Masanga ilitoka kwenye sahani ya santuri ya Gallotone, lebo ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Jina hilohilo liliwekwa pia kwenye magitaa ya bei nafuu. Mmoja wa walioanzia nalo ni John Lennon wa Beatles, kule Liverpool, na gitaa lake la Gallotone Champion liliuzwa kwenye mnada London mwaka 1999 kwa zaidi ya pauni 140,000. Sasa sikiliza: lilikuwa gitaa la plaiwudi, la mwanafunzi. Pesa zile hazikulipia sauti, zililipia mikono iliyolishika. Kwa hiyo muuzaji akikutajia umri na jina, muulize kama anauza historia au anauza mlio. Historia isiyo na ushahidi haina bei.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alifika Nairobi. Alirekodi, akasikika redioni akitangaza dawa ya maumivu, na wapigaji wengi wa Kenya wakaanza kuiga vidole vyake. Binamu yake, Edouard Masengo, naye alipata jina hapa kwetu. Wote wawili walipendwa kwa mlio wa gitaa kavu ambao kila noti inasikika. Mlio huo huupati kwenye gitaa ambalo shingo yake imepinda.

Hapa wewe wa visiwani una faida. Umeona mafundi wa majahazi wakigonga ubao na kusikiliza kama umeoza. Fanya vivyo hivyo. Gonga kasha polepole kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mtetemo wa kitu kilicholegea, kuna vijiti vya ndani vilivyobanduka. Lishike gitaa kama unayelenga shabaha, utazame shingo kutoka kichwani: inapaswa kuwa karibu nyoofu. Angalia daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye tumbo. Kama limeinuka au tumbo limevimba nyuma yake, gundi imeshindwa. Kisha nenda freti ya 12. Piga uzi ukiwa wazi, ubonyeze hapo, upige tena. Lazima iwe noti ileile, ya juu zaidi. Na kama hapo nyuzi za chuma ziko juu ya freti kwa zaidi ya milimita 3 hivi, vidole vyako vitalia kabla ya gitaa.

Mkwaruzo wa rangi usikutishe. Ufa unaopita kwenye ubao wa mbele ndio wa kuogopa. Ubao mzima, usio plaiwudi, kwa kawaida hutoa sauti tamu zaidi, lakini unyevu na joto huusumbua zaidi pia. Kwa Ndau, penye chumvi hewani mwaka mzima, plaiwudi iliyo imara inaweza kukufaa kuliko ubao mzima uliokwisha kupasuka. Na kama gitaa liliundwa kwa nyuzi za nailoni, usilifunge za chuma. Zitaling'oa daraja.

Mwenda hakuishi kwa muziki peke yake, alifanya pia kazi ya benki. Hata hivyo gitaa lilimfikisha mbali: mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 60. Hadi leo wapigaji gitaa wa Ulaya na Marekani wanajifunza Masanga noti kwa noti. Wanachotafuta ni ule mlio wa 1952, na mlio huo ulitoka vidoleni mwake.

Basi nenda Mombasa na masikio wazi. Kila kasoro utakayoiona, muulize fundi gharama ya kuirekebisha, uipunguze kwenye bei. Muuzaji akikukataza kufunga nyuzi mpya au kuligonga, huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Mshukuru, uondoke. Kutoka Ndau hadi kwake ni boti, kisha basi la kutwa nzima. Ukisharudi nyumbani na gitaa bovu, hakuna atakayekufuata kukurudishia pesa zako.