Huxley: Bingwa wa miaka miwili ya shule aliyechunguza vidonda vya samaki

Mwaka 2020, shule za Malawi zilipofungwa kwa sababu ya korona, nilikuwa bado mwalimu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe. Asubuhi moja jirani yangu, mama aliyeishi kwa kuuza samaki, alinijia na beseni. Ndani mlikuwa na kambale aliowanunua Lilongwe. Mmoja wao alikuwa na kidonda chekundu ubavuni, kimechimbika hadi nyama ikaonekana.

Alitaka nimweleze kama samaki yule ana sumu. Wateja walikuwa wameanza kumkimbia. Wengine walivumisha kuwa mito imetiwa dawa, wengine kuwa korona imeingia majini. Mtaji wake wote ulikuwa ndani ya beseni lile. Nilimwambia ukweli kwamba sijui, nikamwomba anipe siku mbili.

Katika kutafuta jibu, nilikutana na jina nililolifahamu kwa jambo jingine kabisa. Ni Thomas Henry Huxley, Mwingereza aliyefariki mwaka 1895. Wengi wetu tuliosoma uhamishoni tulifundishwa kwamba yeye ndiye aliyemtetea Darwin. Sikujua kwamba aliwahi kuhangaika na samaki wenye vidonda.

Huxley alizaliwa Mei 4, 1825 huko Ealing, karibu na London, katika nyumba iliyokuwa juu ya bucha. Baba yake alikuwa mwalimu, lakini shule aliyofundisha ilididimia na familia ikaingia katika dhiki. Mtoto huyo alikaa darasani miaka miwili tu. Mengine alijisomea mwenyewe, hata lugha ya Kijerumani. Baadaye alipata ufadhili wa kusomea udaktari katika hospitali ya Charing Cross.

Mwaka 1846, akiwa na madeni, alijiunga na jeshi la majini na kupangiwa meli iitwayo Rattlesnake akiwa daktari msaidizi. Meli ilikwenda Australia na New Guinea, ikarejea mwaka 1850. Huko Sydney alimchumbia Henrietta Heathorn, wakasubiriana miaka minane hivi hadi walipofunga ndoa mwaka 1855, kwa sababu hakuwa na kipato cha kutunza mke.

Ndani ya meli alikuwa akichunguza viwavi vya baharini kwa hadubini. Kazi hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango. Mwaka 1851, akiwa na umri wa miaka 26, alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Mwaka 1854 akaanza kufundisha London.

Juni 1860 alipambana kwa hoja na Askofu Wilberforce mjini Oxford kuhusu nadharia ya Darwin. Miezi michache baadaye alimzika mwanawe wa kwanza, Noel, aliyekuwa hajafikisha miaka minne. Pamoja na majonzi hayo hakuacha kufundisha. Aliwafundisha hata vibarua na mafundi wa London, watu wasio na vyeti. Mwaka 1870 alichaguliwa katika bodi ya shule za jiji hilo, na ingawa yeye mwenyewe hakuwa muumini, aliunga mkono Biblia isomwe shuleni.

Sasa tuje kwenye samaki. Samoni ni samaki anayezaliwa mtoni, akakulia baharini, kisha akarudi mtoni kutaga mayai. Mwaka 1877 samoni waliokuwa wakirejea katika mito ya Esk na Eden, mpakani mwa England na Scotland, walianza kuonekana na mabaka meupe kama pamba. Ngozi ilioza, nao wakafa kwa wingi. Ugonjwa ukaenea hadi mto Tweed. Wananchi walilaumu uchafu wa viwanda, wengine wakasema samaki wamezidi mtoni.

Huxley aliteuliwa kuwa mkaguzi wa uvuvi mwaka 1881, akiwa tayari bingwa mwenye sifa duniani. Hakuona haya kushughulika na samaki wanaooza. Alichukua inzi aliyekufa, akamsugua taratibu kwenye ngozi ya samoni mgonjwa, akamweka majini. Ndani ya saa 48 nyuzi za ukungu zilikuwa zimechipua juu ya inzi yule. Mwaka 1882 akaeleza kwamba ukungu huo, uitwao Saprolegnia, ni ule ule unaoota juu ya wadudu waliokufa majini, na kwamba nyuzi zake hupenya hadi ndani ya ngozi ya samaki. Kwa hiyo uchafu wa viwanda peke yake haukutosha kueleza ugonjwa ule. Baadaye watafiti wengine walibishana naye, wakisema lazima kiwepo kwanza kitu kingine kinachoidhoofisha ngozi.

Msomaji wangu, hapo ndipo nilipopata jibu la jirani yangu. Mwaka 2020 ilithibitishwa kwamba ugonjwa wa vidonda vya samaki umeingia Malawi, ikiwemo wilaya ya Mchinji inayopakana na Zambia. Unaletwa na Aphanomyces invadans, ukungu wa majini ambaye ni ndugu wa yule aliyemchunguza Huxley. Ulionekana kwanza Japan mwaka 1971, ukapita Australia na Asia, na mwaka 2006 hadi 2007 ukagundulika katika mito ya Chobe na Zambezi. Hushika zaidi majira ya baridi, na hasa baada ya mvua kuingiza mtoni maji yenye tindikali yanayoichubua ngozi ya samaki.

Mchinji ndiko unakoanzia mto Bua, unaomwaga maji yake Ziwa Malawi. Katika mto huo hupanda mpasa, samaki ambaye wageni humwita samoni wa ziwa, kwenda kutaga. Ndiyo maana habari ile haikuwa ya kupuuza.

Nilimweleza mama yule kwamba ukungu huo haumdhuru binadamu. Hata hivyo, kidonda huingiza bakteria wengine, hivyo samaki aliyeoza asiuzwe, na mzima apikwe hadi aive. Kwa wafanyabiashara wa mpakani kuna la ziada. Ugonjwa husafiri na samaki hai, na maji yao na nyavu mbichi. Usihamishe samaki hai kutoka mto mmoja hadi bwawa jingine. Usitupe matumbo ya samaki mgonjwa mtoni. Anika wavu ukauke kabisa juani kabla ya kuutumia pengine.

Nisimpambe Huxley kupita kiasi. Mwaka 1865 aliunga mkono kukomeshwa kwa utumwa Marekani, na papo hapo akaandika kwamba mtu mweusi hawezi kulingana na mzungu kwa akili. Mwaka 1883, katika maonyesho ya uvuvi London, alidai kwamba samaki wakuu wa baharini hawawezi kwisha kwa kuvuliwa. Mwaka 1992 Canada ililazimika kufunga uvuvi maarufu wa Newfoundland kwa kuwa samaki walikuwa wamekaribia kwisha. Aliyepima kwa hadubini alipatia. Alipotamka bila kupima, alikosea.

Huxley alifariki Juni 29, 1895 huko Eastbourne. Mjukuu wake, Julian Huxley, alifika Afrika Mashariki mwaka 1929 kuangalia ufundishaji wa biolojia shuleni, na mwaka 1946 akawa mkuu wa kwanza wa UNESCO.

Mimi nimekwisha kurudi nyumbani. Siku ile mama aliondoa kambale mbovu, akamchoma moto nyuma ya nyumba, akakubali hasara. Waliobaki aliwakaanga mbele ya wateja na kula wa kwanza yeye mwenyewe. Hadi jioni beseni lilikuwa tupu. Kesho yake alfajiri alipanda gari kwenda Lilongwe, na safari hii alimgeuza kila samaki pande zote mbili kabla ya kutoa kwacha zake.