Kantorovich: Mwanahesabu aliyewatia wasiwasi wakuu kwa hesabu ya mbao

Leonid Kantorovich alizaliwa mwaka 1912 mjini St Petersburg, Urusi. Alijiunga na chuo kikuu akiwa na umri wa miaka 14, na alipotimiza miaka 22 alikuwa tayari profesa. Hata hivyo, kilicholivumisha jina lake ni swali la mbao.

Mwaka 1938 shirika moja la kutengeneza plaiwudi lilimwendea. Lilikuwa na mashine 8 na aina 5 za magogo, na kila mashine ilikuwa na kasi yake kwa kila aina. Magogo yapi yapelekwe mashine ipi ili mbao zipatikane nyingi kabisa? Kujaribu kila mpangilio kungedai kufumbua mifumo mingi mno ya milinganyo, na kompyuta hazikuwapo. Kantorovich aligundua njia ya mkato, akaichapisha katika kijitabu mwaka 1939.

Siri yake ilikuwa kukipa kila kitu adimu thamani. Mkulima wa Matiliku, katika kaunti kame ya Makueni, anaielewa hesabu hiyo bila kuisomea: ana maji kidogo na vibarua wachache, naye hana budi kuvigawa kati ya ndengu, mbaazi na miembe. Ikiwa maji ndiyo yanayombana, pipa moja la ziada lina thamani ya mavuno litakayoongeza. Ikiwa sehemu ya shamba imelala bila kulimwa, ekari ya ziada haimfai kitu.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Itikadi ya Kisovieti ilifundisha kuwa thamani hutokana na kazi ya binadamu pekee. Kuipa ardhi au mashine thamani kulinuka ubepari. Enzi za Stalin, shutuma kama hiyo ilitosha kumwangamiza mtu. Kitabu chake kikuu, alichokiandika mwaka 1942 vita vikiendelea, kilingoja hadi mwaka 1959 ndipo kikachapishwa.

Urasimu nao ulikuwa na vituko vyake. Katika kiwanda cha mabehewa mjini Leningrad, jina la wakati huo la mji alikozaliwa, mbinu yake ilipunguza vipande vya chuma vilivyotupwa. Kiwanda kikajikuta hakifikishi kiwango cha chuma chakavu kilichotakiwa na mpango wa serikali!

Nchini Marekani, George Dantzig alibuni mbinu yake mwaka 1947 bila habari za Mrusi huyo. Mwaka 1975 Kantorovich alitunukiwa Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Dantzig aliachwa nje, jambo lililowashangaza wengi. Kantorovich alifariki mjini Moscow Aprili 7, 1986, miaka isiyotimia 6 kabla ya dola ya Kisovieti kusambaratika.